Fremu za Mlango wa Uani

Fundi alipanga vipande vitatu vya fremu juu ya meza ya chakula: plastiki nyeupe, alumini na mbao. Alikuwa na utaratibu wake. Hakuchukua oda ya milango ya kukunja mpaka mteja akae na vipande hivyo wiki nzima, avimwagie maji, aviache juani.

Mama mwenye nyumba hakuhitaji wiki. "Alumini," alisema. "Nataka mlango ninaoweza kuufungua mwenyewe."

Baridi yabisi ilikuwa imemla vifundo vya mikono. Mlango wa zamani wa uani ulikuwa wa mbao, na mvua ikinyesha unavimba unakwama. Miaka sita iliyopita binti yake, aliyefukuzwa na babake, alirudi jioni moja ya mvua akabisha pale. Mama alivuta mpaka kucha zikatoka damu. Mumewe alikaa kitini, hatua tatu tu, na hakujitikisa. Binti alibisha, akaita, akanyamaza. Hajaonekana tena.

Mume alifariki mwaka jana. Siku ya tatu ya vipande, saa nne asubuhi, alirudi na suti aliyozikwa nayo, akakaa kwenye kiti chake. Mama alimsogezea chai. Hakuinywa, ila alilalamika kwamba imepoa.

Mtoto wao mkubwa wa kiume alipopita kuwajulia hali alimwamkia baba yake, akavuta kiti, wakazungumza habari za fremu.

"Mbao," marehemu alisema.

"Mama, baba kasema mbao."

"Nimesikia, mwanangu, mimi si kiziwi. Lakini anayeishi humu ni mimi."

"Tunajua, mama. Ila mzee akishasema, basi tena."

Basi wiki ilipotimia mama, ambaye kwa miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kuchagua hata pazia, alimpigia fundi simu akaagiza fremu za alumini. Fundi alizileta zikimetameta. Marehemu aliinuka, akazipitishia kiganja moja baada ya nyingine, zikawa mbao, nzito, zinanuka vanishi. Fundi alinung'unika tu kwamba skrubu alizobeba sasa ni fupi, akaenda kununua nyingine.

Kufika Ijumaa milango ilikuwa imeshapachikwa mahali pake, na mawingu yamejaa. Mama aliisukuma kwa bega, ikasogea kidogo.

"Fundi, baba yangu, nakuomba. Randa ukingo wa chini, uache upenyo, ikivimba isikwame."

Fundi alitoa randa kwenye mfuko. Kabla ya kuinama alimtazama marehemu kwanza. Marehemu alitikisa kichwa. Fundi akairudisha randa mfukoni.

"Upepo utaingia, mama," alisema kwa upole.

Mama alimgeukia mumewe. "Siku ile ulimsikia?"

"Nilimsikia," alijibu, akajiweka sawa kitini.

Mvua ilipoanza, mama alibeba stuli na mwavuli akatoka uani, akavuta milango nyuma yake kwa mikono miwili. Aliketi karibu kabisa na kizingiti, ili binti akija asikute mbao tupu. Mbao zikaanza kuvimba. Mama alizisikia zikibana, wala hakugeuka.