Kikao cha Titi la Kushoto

Kwetu hakuna kinachoamuliwa bila kikao. Rangi ya pazia ilipigiwa kura. Jina la mbwa lilipigiwa kura mara mbili, maana mara ya kwanza mbwa mwenyewe hakuitika. Na sheria kuu ya vikao vyetu ni hii: mwenye jambo hukaa nje, kwa sababu ana maslahi binafsi. Kwa hiyo siku titi langu la kushoto lilipojadiliwa, mimi nilikuwa jikoni nikichemsha chai ya wajumbe.

Daktari wa upasuaji alikuwa amenieleza vizuri. Saratani yangu ni ya aina kali, ile isiyosikia vidonge vya homoni. Dawa za dripu zilikuwa zimeninyonyoa nywele na kukisinyaza kivimbe kilichokuwa titini. Sasa zilibaki njia mbili: kukitoa pamoja na nyama kidogo ya pembeni, kisha nipigwe mionzi kwa wiki kadhaa; au kuondoa titi lote. Kwa hali yangu, alisema, uwezekano wa kupona unakaribiana.

"Chagua ile utakayoweza kuishi nayo, mama."

Kosa langu ni kuyarudia maneno hayo mezani, watu wakila.

Mwenyekiti alikuwa mama mkwe. Nilimsikia vizuri kupitia mlangoni.

"Wajumbe, tuna hoja mbili. Libaki, na Liondoke."

Shemeji mkubwa, fundi wa friji, akadakia. "Kompresa ikifa huweki kiraka. Unang'oa yote!"

"Kwani shemeji yako ni friji?" wifi akamrukia. "Libaki! Magauni yake yote yameshonwa kwa mawili."

"Mimi nina hisa pale," akasema mama mkwe. "Wajukuu wangu wamenyonya hapo."

"La kushoto au la kulia?" akauliza shemeji.

"Usinivunjie heshima!"

"Jibu swali, Mwenyekiti!"

Nilicheka mpaka chai ikafurika, halafu nikalia hapo hapo, nimeshika mwiko. Niliogopa. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kuishi nikilivizia titi langu mwenyewe kama mtu anayevizia mwizi. Nilichotaka ni mtu mmoja tu aniulize, wewe unataka nini?

Mikono ikanyooshwa. Sare, watatu kwa watatu. Wa saba, mume wangu, alikuwa ametoka zamani. Nilisikia mlango wa uani ukifungwa kabla hata hoja hazijasomwa. Mwoga mkubwa, nikasema moyoni. Nikamnunia wiki nzima.

Kamati ikaandamana nami hadi kwa daktari, na azimio la maridhiano: aondoe nusu, nusu nyingine ibaki chini ya uangalizi wa familia. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na mgonjwa anasemaje?"

"Mgonjwa hana kura," shemeji akamfafanulia kwa upole. "Ana maslahi binafsi."

"Toa lote," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Najua ulisema uwezekano unakaribiana. Lakini likibaki, kila asubuhi nitalipapasa kabla ya kunawa uso. Siwezi kuishi hivyo."

"Hoja haijaungwa mkono," akasema wifi.

"Mimi naiunga," akasema daktari.

Siku ya upasuaji walikuja wote, na chupa ya chai na viti vyao. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji muuguzi akawazuia kwa mkono mmoja.

"Anaingia mgonjwa tu. Wengine mnabaki nje."

Mama mkwe akafungua mdomo apinge, akakosa kifungu cha sheria. Mume wangu alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda cha magurudumu. Bado nilikuwa na hasira naye.

"Siku ile ya kikao ulikimbia," nikamwambia.

"Sikukimbia. Nilikaa uani, chini ya dirisha la jikoni. Nilikusikia ukilia." Machozi yakamshuka, hakuyafuta. "Sheria si ndivyo inavyosema? Mwenye jambo hukaa nje."