Chekeche la Marit

Gluk, gluk, gluk. Mashine ya kahawa ilikuwa ikikoroma jikoni, na nyumba nzima bado giza.

Marit Halvorsen alifumbua macho. Mashine ile huitega iwake saa kumi na mbili asubuhi, siku za kazi tu. Simu yake ilisema ni saa kumi na moja. Hakujisumbua kuwaza. Aliufunika mguu wa Pia, binti yake wa miaka mitano, uliokuwa umetoka nje ya blanketi, akashuka jikoni.

Kompyuta ilikuwa mezani, na barua ya kumfukuza Dell Rautio ilikuwa tayari. Ingetoka saa moja.

Dell alikuwa mpishi wa meli ya kubeba mawe ya chuma, na gemu lao la mtandaoni, ambamo wachezaji hujenga dunia moja kwa pamoja, alilicheza meli inapotia nanga bandari ya Duluth tu. Kwa miaka mitatu alikuwa amejenga mji mzima humo ndani, una gati na mnara wa taa, tofali moja moja. Anayefukuzwa jina lake hufutwa, na alichojenga hufutwa nalo. Naye Dell alikuwa majini tangu jana, mahali pasipo mtandao, hajui lolote.

Kosa lake lilionwa na Chekeche. Ndivyo Marit alivyoiita programu aliyoiandika katika masomo yake ya jioni. Haikuwa na picha wala vitufe. Unaandika mstari mmoja, unailisha daftari la seva, kompyuta inayoendesha gemu, ambamo kila hatua ya kila mchezaji imeandikwa na saa yake, nayo inakutolea jibu. Chekeche ilisema kwamba usiku wa kuamkia Jumapili, saa saba na dakika ishirini, Dell alikuwa ghalani akichukua mbao, na dakika hiyo hiyo alikuwa milimani, mwisho wa dunia yao. Mtu hawi pawili. Maana yake alimpa mwingine funguo zake, yaani jina na neno lake la siri, na hilo lilikatazwa.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Ruthann, muuguzi wa zamu ya usiku, anayeitunza seva pamoja naye.

"Nimeona taa yako ya kijani mtandaoni. Mbona umeamka na majogoo, shoga?"

"Mashine ya kahawa. Imewaka saa nzima kabla."

"Si hujairudisha nyuma. Ya kwangu niliirudisha jana. Ila saa ya gari siigusi, naiacha hivyo hivyo mpaka Machi iwe kweli tena."

Kwao kila Novemba, baridi ikikaribia, saa zote za nchi hurudishwa nyuma saa moja, na Machi husogezwa mbele tena. Marit alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

"Ruthann, saa zilirudi nyuma usiku gani?"

"Jumamosi kuamkia Jumapili, kama kila mwaka. Ilipofika saa nane tukarudi saa saba. Mimi nilikuwa kazini, niulize mimi. Saa saba ile nimeifanya mara mbili."

"Na Dell pia."

"Usiniambie," akasema Ruthann.

Marit alifungua daftari lenyewe, ambalo tangu amalize Chekeche hakuwa amelisoma kwa macho yake. Alishuka mstari kwa mstari. Saa saba na dakika hamsini na tisa. Mstari uliofuata: saa saba kamili. Dell alichukua mbao katika saa saba ya kwanza, akatembea, akafika milimani katika saa saba ya pili. Saa nzima katikati. Chekeche ilipanga mistari kwa kufuata saa, ikazichanganya saa mbili kama karata.

"Basi chekeche lako limetoboka."

"Limetoboka."

"Na ulivyotutambia na masomo yako."

"Nicheke tu. Ila jina lake usilifute."

"Nani anafuta? Lakini waandikie wewe, bibie. Mimi nina wagonjwa."

Marit aliifuta barua ya kwanza, akaandika nyingine, fupi, kwa wachezaji wote sitini na wawili. Dell hakukosa. Programu yangu ndiyo iliyokosea, nami sikuikagua. Alhamisi alitakiwa kuionyesha Chekeche mbele ya darasa zima, na wawili wa darasani walikuwa wachezaji. Alikisoma kile kijibarua mara ya tatu, ingawa hakikuwa na neno la kubadilisha. Akakituma.

Nyuma yake mlango wa friji ulikuwa umefungwa taratibu, naye hakusikia.

"Mama, unafanya nini?"

Pia alikuwa amesimama pale na nguo za kulalia, bakuli la nafaka mkononi.

"Naomba radhi," Marit akasema. "Nilimsingizia mtu, nami ndiye niliyekosea."

Pia alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu kando ya friji.

"Nimemwaga maziwa," akasema.