Mama Alipochuchumaa Nyasini

Mume wangu Lameki alianza kukimbia akiwa na mvi kidevuni, na mimi ningeona afadhali aanze ulevi. Mlevi ana wenzake. Lakini mtu mzima anayekimbia barabarani hapa kijijini Yakobi, hafukuzwi wala hafukuzi ng'ombe, anamwachia mkewe aibu yote abebe peke yake.

Alirudi kutoka mashamba ya mkonge kule Tanga na kifua kibovu. Msimu mzima nililima peke yangu, yeye ameketi juani na blanketi mabegani. Kaka zangu walisema nimeolewa na maiti, tena walisema kwa sauti ili asikie. Mganga wa misheni akamshauri atembee. Akatembea. Kisha, sijui alipatwa na nini, akaanza kukimbia. Alikohoa, akaanguka, akarudi na magoti yanayovuja damu, na kesho yake akatoka tena.

"Mama Enoki," wanawake waliniuliza kisimani, "leo mzee anapeleka habari za msiba wa nani?" Maana kwetu mtu mzima hukimbia kwa ajili ya msiba tu. Nilicheka nao, huku natamani ardhi ipasuke inimeze.

Alichotaka nilikijua. Alitaka siku moja akimbie hadi bomani, ukoo wangu ukitazama, wamwone kuwa yu hai.

Mwezi wa sita, kwenye sikukuu ya Malkia wa Uingereza, DC aliandaa mbio za barabarani hadi bomani Njombe. Lameki alivaa kaptula aliyotoka nayo kwenye mkonge, vimiguu vyembamba nje. Waliokuwepo wanasema hadi Njombe inakaribia alikuwa mbele ya vijana wote. Hapo, kwenye kona ya kijiji chetu, akakutana na mama yangu mzazi akitoka shambani na tenga la viazi kichwani.

Sisi Wabena, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mwanamume akimwona, hutoka njiani, huchuchumaa na kumpa mgongo mpaka apite. Lameki akajitupa nyasini na kaptula yake. Mama alipoona miguu mitupu ya mkwewe akaganda katikati ya barabara, hajui arudi au aendelee. Goti la mama lilikuwa bovu, na alipoanza kusogea alisogea taratibu kweli. Vijana wakapita mmoja mmoja, wakicheka.

Lameki alifika wa mwisho.

"Shemeji, ulilala njiani?" kaka yangu Sila alimuuliza mbele za watu. Hakumwambia kwamba alikuwa amempisha mama yetu. Mimi nilijibanza nyuma ya umati nisijulikane kuwa ni mke wake. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Nikajua sasa ataacha. Asubuhi nikasikia mlango unafunguliwa na kikohozi kinashika njia.

Mwaka uliofuata, siku ya mbio, mama akaniita kwake.

"Nipeleke pale kwenye kona."

"Mama! Unataka kumwaibisha tena?"

"Mwaka jana yeye alinipisha," alisema. "Leo nampisha mimi. Nipeleke."

Tukasimama pale kwenye manyunyu, mimi nikiomba asipite mtu anayetujua. Wakapita vijana wawili. Kisha Lameki akatokeza. Mama hakusubiri. Aliingia kwenye majani yaliyolowa, akashuka chini na lile goti lake bovu akigumia, akampa mgongo na kujifunika kaniki kichwani. Mama yangu, bibi wa wajukuu wote wale, kwenye tope kwa ajili ya mkwe!

Lameki alisita. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Nikainamisha macho. Akapita.

"Amepita?" mama aliuliza kutoka chini ya kaniki.

"Amepita."

"Anakimbiaje?"

Sikujua, kwa sababu sikuwahi kumtazama akikimbia. Ikanibidi niinue macho.

"Anachechemea, mama. Lakini mgongo umenyooka. Anawakaribia wale wawili."

"Mbona sikusikii ukimshangilia?"

Nikaangaza huku na huku kama kuna anayetusikia.

"Mimi mila inanikataza kumtazama," alisema mama. "Wewe anakukataza nani, mwanangu?"

Uso uliniwaka kama nimezabwa kofi. Nilimwacha pale pale kwenye majani, nikaingia barabarani, nikakaza kanga na kuanza kukimbia, mtu mzima mimi.

"Baba Enoki! Baba Enoki!"

Akageuka. Sijawahi kuona uso wenye hofu kama ule. Alikuwa anapunguza mwendo, mikono imeshalegea.

"Nani amekufa?" akauliza.

Miaka yote ile, hakuweza kufikiria jambo lingine la kunifanya nimkimbilie barabarani.

"Hajafa mtu!" nikapiga kelele huku nalia, watu wanatoka majumbani kutazama. "Hajafa mtu, baba Enoki! Kimbia!"