Urefu wa Kisu

Mchana ule nilikuwa nimeshona watu mpaka vidole vikaanza kukataa sindano. Wiki za joto huwa hivyo. Watu wanachomana visu kwa sababu ambazo, wakishalazwa, wanaona haya kuzitaja.

Ndipo wakaingia wauza nyama wawili, ndugu wa tumbo moja, mama yao akiwa nyuma. Mdogo alikuwa amechanwa mkono kuanzia karibu na kiwiko, damu imelowesha aproni yote, anapiga kelele kama anayechinjwa. Kaka yake alijikunyata kwenye benchi, kiganja ubavuni, kimya.

"Sista, mwone mdogo wangu kwanza," alisema. "Mimi ni mkwaruzo tu."

"Ilikuwaje?"

"Ndoano ya nyama," mama akawahi kujibu. "Walikuwa wanatundika paja la ng'ombe, likawaponyoka. Ndivyo walivyoniambia. Hawa wanangu hawana mikono, wana makasia!"

Nilimkaza mdogo bandeji, damu ikatulia. Kelele hazikutulia. Mkono ulitisha kuutazama, lakini vidole vyote vilicheza. Nikamgeukia kaka, nikamwondoa kiganja. Chini ya mbavu palikuwa na tundu dogo kama la kifungo cha shati, halitoi hata damu ya kujaza kijiko. Kingo zake zilikuwa zimenyooka. Ndoano hurarua.

Nikamwita daktari wa upasuaji, ambaye tangu asubuhi hakuwa amekaa. Akabonyeza tumbo. Lilikuwa bado laini. Presha haikuwa mbaya, ila mapigo yalianza kukimbia.

"Chumba cha upasuaji ni kimoja," aliniambia pembeni, "na mgonjwa wa kidole tumbo yuko mlangoni. Kama ni ndoano, huyu atasubiri tukimwangalia. Kama ni kisu, nijue kirefu kiasi gani. Ulizia."

Kuwauliza watu mambo yao ya ndani ni kazi inayonishinda. Sauti hunipotea. Kwanza nilimwomba mama atupishe kidogo.

"Niwapishe niende wapi? Nimewazaa mwenyewe."

Nikachuchumaa mbele ya benchi. "Kaka, hicho kilichokuingia kina urefu gani?"

"Ni ndoano, sista."

"Urefu gani?"

Alimtazama mama yake kwa jicho la pembeni. "Ya kawaida."

"Mjibu sista vizuri," mama alisema. "Unaona haya ya nini, kwani unaposwa?"

Kaka alijaribu kucheka, akaishia kushika ubavu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na midomo yenyewe ikaanza kuwa rangi ya majivu. Akasema anataka kwenda nyumbani kulala.

Kelele za mdogo zikakatika. Nilipogeuka, alikuwa anamkodolea macho kaka yake.

"Basi sema wewe," nikamwambia. "Tusipojua, atasubiri. Na akisubiri, sina la kukuahidi."

Akainua mkono wake mzima, akatanua kiganja. Shibiri nzima.

"Kisu cha kutolea mifupa. Kiliingia chote. Mimi ndiye nilikuwa nimekishika."

"Nyamaza wewe!" kaka alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu tena.

"Alinipokonya, ndiyo kikanikata na mimi. Tulikuwa tunagombania upande wa kaunta wenye feni."

Daktari hakungoja zaidi. "Huyu anaingia kwanza." Tukamlaza kwenye machela, na mama akaifuata mpaka mlango ulipofungwa mbele ya uso wake.

Mama aliporudi nilikuwa naanza kumshona mdogo, ambaye hakuweza kutulia.

"Feni," mama alisema.

Nilishindwa kushona mkono unaotetemeka. Sikujua namna ya kumwomba, nikamtazama tu. Mama akaja, akambana mwanawe bega dhidi ya ukuta. Uso wake aliuelekeza kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na mwanawe hakumtazama kabisa. Mdogo alilia bila sauti. Mimi nikashona, mgongo ukiniuma, polepole kuliko kawaida yangu.

Daktari akatoka baadaye, barakoa ikiwa shingoni. "Wengu tumeutoa. Damu ilikuwa imejaa tumboni. Yuko hai."

Mama aliachia bega, akaketi sakafuni hapo hapo, miguu ameinyoosha.

"Mama," mdogo aliita.

"Tulia ushonwe," alimjibu.