Siku Saba za Televisheni ya Korane

Tangu alipostaafu uchifu, Mzee Korane hakutembelewa na mtu pale Bute, isipokuwa mbuzi wa jirani. Watu waliokuwa wakipigana vikumbo barazani pake wakiutafuta muhuri wake sasa walimsalimu kwa mbali, kama asalimiwavyo mwenye ndui. Cheo ni dhamana. Maneno hayo yeye mwenyewe aliwaambia wengine kwa miaka ishirini, wala hakuwahi kujihesabu miongoni mwao.

Kwa hiyo Mursal, dalali wa ngamia, alipomletea kutoka Moyale televisheni ya rangi, ya bei nafuu na yenye jina lisilopata kusikika popote, Korane aliona njia ya kuwarejesha watu mkekani pake.

"Kaa nayo siku saba, adeer," Mursal alisema, akimwita ami kwa Kisomali. "Itazame upendavyo, ila usiiwashe. Ngamia ukimkama, umemnunua."

Korane aliona sharti hilo ni la haki. Akaiweka mezani, akaifunika shuka, kisha akaita washauri.

Siku ya kwanza walikuja wawili. Siku ya tatu walikuwa kumi na wanne. Kufikia siku ya tano Osob, mkewe, alikuwa akichemsha chai kwa sufuria ya harusi.

"Faida yake," alisema Dubow mchinjaji, "mtu huiona Nairobi bila kulipa nauli."

"Nairobi nimeshaiona," alijibu Noordin mwenye duka. "Iliniibia viatu." Akaiinua televisheni, akaitua. "Nyepesi mno hii. Rahisi ghali."

"Hasara nyingine, wanawake wataanza kutaka mambo."

"Mambo gani, Dubow?" Osob aliuliza, birika mkononi.

Dubow alifikiri kidogo. "Kupumzika, dada. Nayo ni haki yenu."

Korane alisikiliza yote kwa utulivu mkubwa, akiinua bakora kumpa huyu nafasi ya kusema na kumnyamazisha yule, sawasawa na enzi zake. Usiku alilala usingizi mnono, ambao hakuwa ameupata tangu serikali ilipomnyang'anya kofia.

Siku ya saba Mwalimu Elkanah, mtu wa bara aliyefundisha shule ya msingi, alimaliza andazi lake la nne, akajifuta midomo.

"Chifu, mawimbi ya televisheni hayafiki huku. Hata ukiiwasha, utatazama chenga tupu."

Baraza zima likamgeukia.

"Mbona hukusema siku ya kwanza?" Mursal, aliyekuja kuchukua jibu lake, aliuliza kwa uchungu.

"Siku ya kwanza hapakuwa na maandazi."

Mmoja mmoja wazee walianza kupapasa makubadhi yao. Korane akaelewa kwamba akiirudisha wataondoka, na akiinunua watatazama chenga jioni moja, kisha wataondoka vilevile.

"Mursal," alisema bila haraka, "ichukue televisheni yako. Lakini lile jokofu la mafuta ya taa ulilosema umeliona Moyale, nililetee. Kwa siku saba."

"Unataka kununua jokofu, adeer?"

"Hilo ndilo litakalojadiliwa."

Noordin, aliyekuwa ameshavaa kubadhi moja, akalivua, akaketi.

"Hasara yake ya kwanza," alisema, akimsogezea Osob kikombe, "maji baridi huleta kifua."