Hasi Mia Tatu

Bwana mmoja alikuwa mtu wa kukwepa picha, hata marafiki wakambandika jina la Bwana Pembeni. Alipoitengenezea familia skrini ya sebuleni, yenye saa na picha za jamaa wote, yake aliiandikia nafasi ya hasi mia tatu, yaani ikae nje ya skrini, kushoto, isionekane kabisa. Lakini programu ya skrini hiyo ilikuwa haijui kusoma alama ya hasi. Ikaona mia tatu tupu, ikamweka mbele ya macho ya watu. Alicheka mpaka machozi, akaiacha. Alipofariki, mama yake akawa anaiamkia picha ile kila asubuhi.

Mjane wake alikuwa fundi wa programu hiyohiyo kazini. Wateja walikuwa wamemchosha kwa malalamiko, kwamba vitu wanavyotaka vijifiche vinawajia usoni. Mchana huo akaifundisha programu kuisoma hasi kama hasi, akalituma rekebisho kwenye skrini zote. Kwamba hata ya nyumbani kwake ingelipokea, hilo lilimtoka akilini.

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, mumeo katoka."

"Katoka wapi, mama?"

"Kwenye kioo. Njoo."

Ndipo alipolikumbuka rekebisho lake, akakimbilia nyumbani. Kumnyima mama wa watu faraja yake ya pekee, tena kwa mkono wake mwenyewe! Aliingia na viatu vyake, akafungua maelezo ya skrini, akafuta kile kistari cha hasi. Picha ikarudi.

"Huyu hapa, mama."

Mama mkwe hakuitazama. Alikuwa amekigeukia kiti kilichokuwa kushoto mwa skrini, kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba. Mto wake ulikuwa umebonyea, na sasa ulikuwa unainuka polepole, kama vile mtu ndiyo kwanza ananyanyuka.

"Mbona unamfukuza?" mama akaanza kulia. "Alikuwa ameshakaa."

 Mjane wa watu aliogopa, tena sana. Hata hivyo vidole vyake vilikirudisha kistari.

Uso ukatoweka kwenye skrini. Mto ukabonyea tena, upande mmoja, upande uleule aliopenda kuegemea.

"Msalimie basi," mama mkwe alisema, akijifuta machozi. "Mimi naye tumeshasalimiana. Alikuwa anakungoja wewe."