Saini Tisa za Babu

Darasa lao la mwaka wa tatu lilikuwa na wanafunzi kumi na wanne tu, na katika chuo kidogo namna ile mtu akipiga chafya maktaba, bwenini wanamwambia pole. Walikuwa na mtindo wao, wakiuita kubebana: asiyefika darasani, mwenzake anamsainia kwenye daftari la mahudhurio. Si wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki? Ukikosa siku tano, mlezi wa wanafunzi anampigia mzazi wako simu, na hapo umekwisha.

Fundi wa saini alikuwa Kiranja, binti wa maneno mengi na roho nzuri. Aliyembeba kuliko wote ni Babu, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyepachikwa jina hilo kwa mwendo wake wa taratibu na methali zake zisizoisha. Babu alipanga chumba peke yake nyuma ya karakana ya maseremala. Eti bwenini watu wanakoroma kwa zamu.

Jumatatu moja Babu hakuonekana. Kiranja akampigia, simu haipatikani.

"Kaingia mitini huyo," akawaambia wenzake. "Atakuwa kwao, anadekezwa na mama."

Wakacheka. Akamsainia, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho akauvuta kama mwenyewe. Kesho yake tena. Alhamisi alitaka kupita chumbani kwake, lakini kukawa na jaribio, kisha mvua, kisha uvivu, tuseme kweli. Wiki ya pili nayo akaendelea kumsainia, mpaka Alhamisi, siku ya tisa.

Jioni hiyo seremala mmoja alivunja mlango wa Babu. Mafundi walikuwa wamemsikia akikohoa, halafu kikohozi kikakoma, wakadhani kapona. Daktari alisema ni homa ya mapafu, ya kutibika kabisa kama angewahishwa hospitali. Alikuwa amekata roho tangu jana yake, Jumatano. Ile saini ya Alhamisi, Mungu wangu, Kiranja alimsainia marehemu.

Jumamosi aliitwa ofisini kwa mlezi, apeleke madaftari ya Babu. Akamkuta mama wa marehemu ameketi, mkoba mapajani.

"Mwalimu, mimi nilikupigia," mama alikuwa akisema. "Jumatatu hii. Nikasema mwanangu simpati kwenye simu. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi, yupo darasani. Nilishafunga mzigo nije. Nikaufungua."

"Nilikwambia nilichokiona, mama." Mlezi akamsogezea daftari la mahudhurio. 

Mama akapitisha kidole kwenye mstari wa mwanawe, polepole, saini moja baada ya nyingine, akiupapasa kila mkia. Kidole kikasimama.

"Mbona Alhamisi kasaini? Si alikufa Jumatano?"

Mlezi akamtazama Kiranja. Angeweza kusema hajui. Alitamani sana kusema hajui.

"Ni mimi, mama," akasema, machozi yakimshuka. "Zote tisa ni mimi. Tunabebana hapa. Sikutaka apate matatizo."

Mama hakupiga kelele. Akalifunga daftari.

"Kumbe siku ile nilipopiga simu," akasema, "aliyenijibu ni wewe."